Mafao yangu yote niyafukie kwenye vyumba vya kupangisha?

Dada mshauri,

Habari za kazi. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Manispaa ya Morogoro. Niliajiriwa mwaka 1992 na Juni mwakani natimiza miaka 60, kwa hiyo nastaafu kwa lazima. Afisa utumishi amenipigia hesabu ya kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao: mkupuo utakuwa kama shilingi milioni 63, halafu pensheni ya kila mwezi 633,000. Mshahara wangu kabla ya makato ni 1,500,000.

Mimi na mama watoto tunaishi Kihonda kwenye nyumba yetu. Ina hati, ina ukuta, maji na umeme vipo. Uani kuna nafasi kubwa tulikopanda migomba. Watoto ni wanne, watatu wanajitegemea (wakikwama wanarudi kwangu, unajua mambo ya vijana wa siku hizi), wa mwisho yuko chuo mwaka wa pili. SACCOS nina akiba ya milioni 8, deni sina.

Mwaka 2014 nilinunua kiwanja Changarawe, jirani na Chuo Kikuu Mzumbe. Nina karatasi ya mauziano yenye muhuri wa kijiji na mashahidi wanne, ingawa wawili wameshafariki. Mpango wangu ni kujenga vyumba sita vya masta vya kupangisha wanafunzi. Fundi amenipa makadirio ya milioni 48, orodha yake nimeiambatanisha. Kila chumba 80,000 kwa mwezi, mara sita ni 480,000, yaani kwa mwaka 5,760,000. Ukijumlisha na pensheni naona nitakuwa nimevuka mshahara ninaoshika mkononi. Mwenzangu aliyestaafu kabla yangu ana vyumba vinane na kila tukikutana anasema anakula kodi akiwa amekaa kivulini.

Nyumbani hatuelewani. Shemeji yangu aliyeko Dodoma anasema Changarawe ni kupoteza muda, nimpe pesa aninunulie kiwanja karibu na Mji wa Serikali Mtumba, kitapanda bei nikiwa nimelala. Mama watoto anataka tuweke UTT, kwenye mifuko ya uwekezaji wa pamoja. Mimi karatasi siziamini sana. Nyumba haikimbii, haiungui kama biashara ya daladala iliyowamaliza walimu wenzangu wawili, na nikifa wanangu watakuwa na kitu cha kushika. Wakati huohuo afisa wa benki moja alikuja hadi ofisi ya walimu kutuambia kuna mikopo ya wastaafu inayokatwa kwenye pensheni. Naweza kuongeza milioni 15 nikamaliza vyumba vyote kwa mpigo mmoja.

Nikiri pia kwamba mama watoto bado sijamtajia kiasi kamili cha mkupuo. Nilitaka kwanza nijue naelekea wapi.

Je, nyumba za kupangisha ni mahali salama pa kuweka pesa ya uzee?

Mwalimu M., Kihonda, Morogoro

JIBU

Mwalimu, salama. Umefanya vizuri kuandika mwaka mmoja kabla. Wengi huniandikia pesa ikiwa imeshageuka tofali, na hapo kazi yangu hubaki kutoa pole.

Jibu langu ni hapana kwa Changarawe yenye vyumba sita, na ndiyo kwa nyumba ya kupangisha iliyo ndogo kuliko unavyofikiria na iliyo karibu zaidi na mlango wako. Nitaeleza, lakini tuanze na pesa yenyewe, maana watu wengi hupanga matumizi ya mkupuo bila kujua umetoka wapi.

Kikokotoo huchukua wastani wa mshahara wa mwaka katika miaka mitatu uliyolipwa vizuri zaidi, kikauzidisha kwa miezi uliyochangia na kugawanya kwa 580. Wewe una miezi 408. Milioni 18 (mshahara wako mara miezi 12) mara 408, gawanya kwa 580, unapata pensheni kamili ya mwaka ya karibu milioni 12.66. Asilimia 40 ya hiyo ndiyo inayogeuzwa mkupuo kwa kuzidishwa na 12.5, ndipo inatokea milioni 63. Asilimia 60 iliyobaki inagawanywa kwa miezi 12, na hiyo ndiyo 633,000 yako. Ungestaafu mwaka 2023, wakati mkupuo ulikuwa asilimia 33, ungeondoka na milioni 52 hivi na pensheni kubwa zaidi kidogo. Kwa hiyo hizo milioni za ziada usizione kama zawadi. Zimekatwa kwenye pensheni yako ya kila mwezi ukapewa mapema, na inabidi zifanye kazi ambayo pensheni ingeifanya.

Kazi yenyewe ni ipi? Baada ya kodi, michango, bima na chama, nadhani mkononi unashika milioni moja na kidogo. Ukistaafu utashika 633,000. Pengo ni kama laki nne na nusu kwa mwezi. Mkupuo una jukumu la kuziba pengo hilo kila mwezi, miaka ishirini au zaidi Mungu akipenda, na bado ubaki na kitu cha kukimbilia mtu akiugua usiku. Mpango wowote utakaoletewa, wa fundi, wa shemeji au wangu, upime kwa hilo tu.

Sasa vyumba sita. Makadirio ya milioni 48 nimeyasoma mara mbili uliponiorodheshea, na sikuona karo la maji taka, tanki na mnara wake, ukuta, geti, wala kuvuta umeme na kufunga mita. Fundi hajakudanganya, amekupa bei ya vyumba. Mpangaji wa kike wa mwaka wa kwanza, na baba yake anayemlipia, hawatapanga chumba kisicho na ukuta. Ongeza robo, uwe na milioni 60, na hapo nimeomba saruji na nondo visipande katikati. Mkupuo wako umeisha, umebaki na milioni 3.

Mapato nayo tuyaangalie. Umepiga miezi 12, lakini wanafunzi hawakai miezi 12. Chuo kikifunga kwa likizo ndefu vyumba vinabaki na popo. Tuseme miezi 10, hiyo ni 4,800,000. TRA inadai asilimia 10 ya pango: 480,000. Kitasa, koki, rangi, choo kilichoziba, bati lililong'olewa na upepo wa Uluguru: weka kodi ya mwezi mmoja, 480,000 nyingine. Kijana wa kulinda na kufagia, hata ukimpa 50,000 tu kwa mwezi, anakula 600,000 kwa mwaka. Unabaki na 3,240,000, sawa na 270,000 kwa mwezi. Milioni 60 zimekupa asilimia 5.4 kwa mwaka, na pengo la laki nne na nusu bado liko wazi.

Hesabu hiyo inadhani kwamba vyumba vimeisha na vimejaa. Panda bodaboda uzunguke Kihonda, Mkundi au pembezoni mwa mji wowote nchini, uhesabu mapagale. Mengi yalisimama kwenye lenta, mengine yamepauliwa mbao bila bati. Ukiuliza majirani, mara nyingi utasikia ni la mstaafu fulani. Aliyeajiriwa akikwama kwenye lenta husubiri mshahara, akanunua bati kumi mwezi huu na kumi mwezi ujao. Ndivyo nyumba yako ya Kihonda ilivyojengwa, bila shaka, na ndiyo maana unaamini ujenzi. Mstaafu hana mwezi ujao wa namna hiyo. Pesa yake ni moja, na ikiisha kabla ya bati, milioni 40 zimekaa juani hazikuletei hata elfu kumi ya mboga. Pagale likiuzwa, mnunuzi hukulipa kiwanja na kukuhurumia kidogo kwenye tofali.

Kuna pia suala la wapangaji wa aina moja. Wanafunzi hulipa bumu, ile pesa ya mkopo wa masomo, likitoka, na bumu lina ratiba zake. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa ajili ya corona hadi Juni mosi, wenye hosteli za mitaani walikaa na funguo mkononi. Na vyuo navyo hujenga. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofungua hosteli mpya, vitanda 3,840 viliingia sokoni kwa siku moja, na hakuna mwenye nyumba wa Sinza aliyeombwa maoni. Mzumbe wakijenga hosteli zao ukiwa na miaka 66, utashusha kodi au utabaki na popo wako.

Kilichonishtua kuliko hayo yote ni hiyo karatasi yenye mashahidi wanne, wawili marehemu. Mwalimu, hapo kabla ya kuzungumzia tofali tuzungumzie unamiliki nini. Changarawe imekuwa ikikua kwa sababu ya chuo, na maeneo ya namna hiyo hupimwa na kupangwa upya: barabara hupita, maeneo ya shule na soko hutengwa. Nenda ofisi ya ardhi ya Halmashauri ya Mvomero uulize kama eneo lako ni ardhi ya kijiji au limeshaingia kwenye mpango, kama limepimwa, na kama kuna barabara au njia ya umeme inayopita juu yake. Kama ni ardhi ya kijiji, kuna hati miliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Kama limepimwa, omba hati kamili. Watu wa Kimara hadi Kiluvya walijenga nyumba za miaka mingi, wengine na risiti za kodi, na mwaka 2017 zikawekwa alama ya X nyekundu na kuvunjwa kupisha upanuzi wa barabara ya Morogoro. Ukisema nyumba haikimbii, ni kweli. Tingatinga likija nayo haikimbii.

Hiyo sifa ya kutokimbia niiseme vizuri, maana ndiyo hoja yako nzito. Nyumba ina faida ambayo karatasi hazina: huwezi kuichomoa laki tano leo na laki tatu kesho hadi ikaisha. Inakulinda na mkono wako mwenyewe, na mikono ya wanao watatu "wanaojitegemea". Lakini ugumu huohuo unakugeuka siku mama watoto anapotakiwa apelekwe Muhimbili kwa matibabu na unahitaji milioni 6 ndani ya wiki. Chumba kimoja kati ya sita hakiuziki. Utauza yote kwa bei ya kutupa, kupitia dalali aliyeshasikia kwamba una mgonjwa, au utakopa.

Huyo mwenzako anayekula kodi kivulini, nakuomba umuulize maswali matatu. Alijenga lini, akiwa kazini au baada ya kustaafu? Nani hupokea simu maji yakikatika saa nne usiku? Mwaka jana alisamehe kodi ya miezi mingapi? Wengi wanaofaidi vyumba uzeeni walivijenga kwa mishahara, kidogokidogo, wakiwa na miaka 45. Wewe ungekuwa na umri huo ningekuambia anza kesho. Una miaka 59, na kupangisha ni kazi kama kazi nyingine: kuandikiana mikataba, kufuatilia wadaiwa, kubembeleza, kufika kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba mpangaji akigoma kutoka. Kutoka Kihonda mpaka Changarawe ni daladala mbili. Ukiwa na miaka 73 na goti linauma, hiyo safari nani ataifanya?

Tuje kwenye karatasi usizoziamini. Mama watoto hajakosea, ila tuweke sawa anachosema. Kuna hati fungani za serikali, yaani unaikopesha serikali kwa riba, zinazouzwa kwa mnada na Benki Kuu, za miaka miwili hadi 25. Unaanzia shilingi milioni moja, unafungua akaunti kupitia benki yako au dalali wa Soko la Hisa la Dar es Salaam, na serikali inakulipa riba kila baada ya miezi sita. Riba ya zile za muda mrefu haikatwi kodi ya zuio. Viwango hubadilika: ile ya miaka 25 ilikuwa asilimia 15.95 kabla ya kushushwa hadi 12.56 mwaka 2022, kwa hiyo uliza kiwango cha siku unayonunua. Ukishanunua, cha kwako hakibadiliki mpaka mwisho. Tukitumia asilimia 12 tu kwa hesabu, milioni 60 zingekupa 7,200,000 kwa mwaka, laki sita kwa mwezi, bila karo la maji taka. Zaidi ya mara mbili ya Changarawe.

Lakini sitaki nikuuzie karatasi kama afisa wa benki. Hati fungani ina ugonjwa wake, nao ni kupanda kwa bei za vitu. Ukinunua ya miaka 20, utakapokuwa na miaka 80 serikali itakurudishia milioni 60 zilezile. Kama bei zitakuwa zinapanda asilimia 4 kila mwaka, wakati huo zitanunua kile ambacho leo kinanunuliwa na milioni 27. Riba nayo itabaki laki sita wakati sukari haitabaki bei ya leo. Hapo ndipo nyumba inaposhinda: kodi hupanda, ardhi hupanda, ingawa jengo lenyewe linachakaa. Na ukitaka kuuza hati fungani kabla ya muda wake, inauzika, ila kama riba mpya sokoni zimepanda utaiuza chini ya ulivyonunua.

UTT AMIS ni jambo lingine tena. Pale unanunua vipande vya mfuko, wao wanawekeza kwenye hati fungani, amana na hisa kulingana na mfuko. Umoja upo tangu 2005. Kuna Ukwasi kwa pesa unayoweza kuihitaji upesi, na kuna Hatifungani, ambao unaweza kukugawia gawio kila mwezi ukichagua hivyo. Bei ya kipande inaweza kushuka pia, usiambiwe haishuki. Kwa mstaafu uzuri wake ni kwamba ukihitaji milioni 6 unauza vipande vya milioni 6, vingine vinabaki.

Kwa hiyo ningekuwa nimekaa mezani na ninyi wawili Kihonda, ningesema hivi. Ile migomba ing'olewe. Jengeni vyumba viwili vya masta uani, kwa bei ya fundi wako ni kama milioni 16, na huko hakuna ukuta wa kujenga wala karo jipya la kuchimba kama la sasa linatosha. Hati mnayo. Mpangaji mnamwona akitoka asubuhi. Si lazima awe mwanafunzi. Morogoro ina wauguzi, walimu wapya, watu wa viwandani, na tangu treni ya SGR ianze safari za Dar mwaka 2024 kuna wanaofanya kazi huku familia ikiwa kule. Hao hawaendi likizo ya miezi miwili. Hata mkiweka 80,000 ileile kwa miezi 11, mkitoa kodi ya TRA na matengenezo mtabaki na kama laki na ishirini kwa mwezi. Makubaliano na fundi yawe ya hatua kwa hatua, vifaa mnanunua wenyewe, na ujenzi usije ukasimama kwenye lenta: msichimbe msingi kabla pesa ya bati na milango haijatengwa pembeni.

Milioni 35 ziende kwenye hati fungani au Mfuko wa Hatifungani, au nusu kwa nusu. Kwa asilimia 12 ni kama laki tatu na nusu kwa mwezi. Jumlisha na vyumba viwili: laki nne na sabini. Pengo limezibwa, na sehemu ya mapato, ile kodi ya vyumba, inaweza kupanda bei za vitu zikipanda. Miaka ya mwanzo, mkiwa bado mna nguvu, jaribuni kuirudisha sehemu ya hiyo riba kwenye vipande badala ya kuila yote. Milioni 10 zikae Ukwasi kwa ugonjwa na msiba. Zinabaki mbili, hizo zitumie kupima na kupata hati ya Changarawe.

Ndiyo, kiwanja usikiuze sasa. Kikiwa na karatasi ya muhuri wa kijiji kina thamani moja, kikiwa na hati kina nyingine. Kipate hati kwanza. Baadaye mkikiuza, faida ina kodi yake TRA, kwa hiyo tunza ile karatasi ya 2014 inayoonyesha ulinunua bei gani. Au mwachie huyo wa mwaka wa pili, akipata kazi ajenge kwa mshahara wake, kidogokidogo, kama ulivyofanya wewe Kihonda.

Akiba ya SACCOS iache ilipo hadi mafao yaingie. Kati ya mshahara wa mwisho na pensheni ya kwanza pana siku za kula, na hujui zitakuwa ngapi. Njia ya kuzipunguza ni kukagua nyaraka sasa hivi: barua ya ajira, ya kuthibitishwa kazini, majina yanavyosomeka kwenye kitambulisho cha taifa na kwenye kumbukumbu za PSSSF (mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma), tarehe ya kuzaliwa. Herufi moja ya jina la kati inaweza kukusafirisha mara tatu.

Shemeji yako wa Dodoma mshukuru kwa nia njema, pesa usimpe. Walionufaika na Dodoma ni waliokuwa na viwanja kabla ya 2016, serikali ilipotangaza kuhamia kwa vitendo. Bei ya leo imeshabeba habari hiyo, Mtumba si siri tena. Dodoma pia ina historia ndefu ya kiwanja kimoja kuwa na wenyewe wawili, kila mmoja na barua yake ya toleo, na kesi ya namna hiyo huwezi kuiendesha ukiwa Morogoro kwa pensheni. Halafu kiwanja kitupu hakilipi chochote kwa mwezi. Pengo lako ni la kila mwezi.

Mkopo wa wastaafu, hapana. Utakatwa kwenye 633,000, ambayo ndiyo pesa pekee isiyotegemea fundi, mpangaji wala mnada. Kama mradi hauwezi kuisha bila mkopo huo, basi ni mkubwa kuliko wewe.

Na mama watoto mtajie kiasi leo jioni. Sisemi hivyo kwa ajili ya amani ya nyumbani tu. Nyumba ya Kihonda ni ya ndoa, huwezi kuiweka rehani wala kuiuza bila ridhaa yake. Akaunti ya hati fungani mnaweza kuifungua kwa majina mawili, na UTT wanapokea ya pamoja pia. Ukitangulia wewe, yeye ndiye atakayekuwa akifuatilia gawio na kupokea kodi ya wale wapangaji wa uani, na inaonekana kwenye hesabu anakuzidi. Nendeni wote wawili Mvomero kuulizia kiwanja, na wote wawili mkae na fundi anapoandika makadirio mapya ya vyumba viwili. Mwambieni aandike karo, mita na geti hata kama anaona si kazi yake.